Mwaka Niliolalisha Sindano

Baba Mwepu amefariki. Binti yake Mbuyu ndiye aliyenipigia simu, na kabla sijapata neno la pole akaniambia familia imekubaliana mimi nisimame kwenye kilio niseme habari za kazi ya baba, kwa sababu kati ya wote waliokuwa naye kwenye garaji ya kampuni nimebaki peke yangu. Nikakubali. Ungekataaje? Nikaweka simu juu ya meza, chai ikapoa. Mke wangu Ngoie akauliza ni nani amekufa, nikamwambia, akaanza kulia palepale mlangoni na ufagio mkononi, kwa sababu alimpenda yule mzee. Alilia vizuri, bila kitu kingine ndani yake. Miaka zaidi ya thelathini tunalala kitanda kimoja na hajui, na mwenyewe yumo ndani ya habari hii tangu mwanzo.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mapema, na herufi nyingi nimezijua kwa kusoma masanduku ya vipuri. Lakini kuna mwaka mmoja ambao kila nikizeeka unanikaribia zaidi, na sitaki kuuzungumza kwa mdomo, kwa sababu mdomo wangu ndio uliouharibu. Basi nauandika. Ukiona naenda pembeni nivumilie, nitarudi.

Ilikuwa wakati wa Zaire, wakati shaba bado inalisha mji, ingawa wale waliokuwa na akili walishaanza kusema kwa sauti ndogo kwamba chakula kile kinaisha. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kwa hiyo yalikuwa ya nyumbani tu. Kazini tuliitana sitwayen, yaani mwananchi. Mimi nilikuwa sitwayen Kasongo, fundi wa umeme wa magari, miaka ishirini na sita, bila mke, na kiburi cha kutosha wanaume wawili. Garaji yetu ilikuwa banda refu la mabati lenye mashimo matatu ya kuingia chini ya magari, na mwisho wake kulikuwa na chumba cha betri. Nilikipenda chumba kile. Kilinuka asidi, ukuta wake umeliwa hadi kiunoni, lakini kilikuwa na kiti chenye mto na dirisha la kuangalia lango, na mtu akikaa humo aliona kila gari linalotoka na mlinzi anayeandika kilometa zake.

Kilometa hizo ndizo zilizotushinda sote. Kampuni haikutaka gari lake litembee kwa mambo ya mtu, kwa hiyo kila gari likitoka na kurudi mlinzi alisoma namba kwenye kipimo cha mwendo. Na madereva nao walikuwa na dawa yao. Nyuma ya kipimo kuna kamba ya chuma inayozunguka, inatoka kwenye boksi la gia chini ya gari, inapanda hadi sindano. Ukiifungua kule chini, gari linatembea lakini sindano inalala kwenye sifuri na namba haziongezeki. Tuliita kulalisha sindano. Wakubwa walipojua, wakaanza kufunga kila kamba kwa waya mwembamba na muhuri wa risasi. Basi sisi tukajifunza kutengeneza muhuri. Unayeyusha risasi ya betri iliyokufa ndani ya mkebe wa nyanya, unaimwaga, unaibana na koleo. Chumba cha betri kilikuwa changu. Nani alitengeneza mihuri mizuri kuliko wote? Sitaki kujisifu kwa jambo hilo, lakini nimesema nitaandika ukweli.

Sasa pikapu. Ilikuwa ya Kimarekani, ndefu, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, iliachwa na mhandisi mmoja mzungu aliyerudi kwao, ikapewa mhandisi wetu mkuu. Haikuwa mpya hata ilipotufikia. Haikuwa na klachi. Na ilikuwa na kitu ambacho sikukiona kwenye gari lingine lolote pale mjini: regilateri. Dereva anafika kwenye barabara nzuri, anabonyeza kitufe kwenye usukani, anaondoa mguu, na gari linashika mwendo uleule lenyewe, mlima na mteremko, mpaka aguse breki, freni kwa lugha yetu. Ukigusa breki kidogo tu, hata kwa ncha ya kiatu, regilateri inaachia. Siku ya kwanza madereva walipanga foleni waone. Mmoja alisema gari linalojiendesha ni la mtu aliyekufa, hatapanda.

Dereva wake alikuwa baba Mwepu. Alinizidi karibu miaka ishirini, mtu mfupi wa mabega mapana, mwenye kucheka kwa pua. Ujana wake aliufanya kwenye tanuru la kuyeyusha shaba, na huko kuna chuma kilimwangukia goti la kulia. Goti likapona vibaya. Kampuni ikampa usukani badala ya kumwondoa, na kwa safari za mjini aliweza, lakini akikanyaga pedali ya mafuta nusu saa bila kupumzika, mguu ulianza kutetemeka kama wa mtu mwenye homa. Kabla ya pikapu ile walikuwa wameshaanza kusema apumzishwe. Na kwetu kupumzishwa maana yake unajua: nyumba ni ya kampuni, hospitali ni ya kampuni, shule ya watoto ni ya kampuni, unga ni wa kampuni. Ukitoka kazini umetoka kila mahali siku moja. Regilateri ndiyo iliyomwokoa. Mhandisi alikwenda Kolwezi mara tatu kwa wiki, njia ndefu, na baba Mwepu alimpeleka na kumrudisha, goti limelala.

Alinipenda kwa sababu nilikuwa fundi wa mashine yake. Mara mbili kwa wiki saa sita alinipeleka kwake kula. Nyumba ya matofali, vyumba viwili na sebule, kitambaa cha plastiki cha maua juu ya meza, redio iliyovaa kijalada alichokifuma mama Kabange, mke wake. Rozari ilitundikwa nyuma ya mlango, si mbele, kwa sababu siku zile wakubwa wa nchi hawakupenda mambo ya dini yaonekane. Mama Kabange alitupa bukari, ndiyo ugali wetu, kwenye bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na karanga, na vinkubala vikipatikana. Kwa wale wasiovijua, ni viwavi vilivyokaushwa, na sitaki mtu acheke mpaka avionje kwa mkono wa mama yule. Mbuyu, wakati ule msichana wa miaka tisa au kumi, alituletea maji ya kunawa. Baba Mwepu alikula polepole akinieleza barabara. Alijua kila tuta hadi Kolwezi. Alisema regilateri inataka dereva mpole, usiishtue, uizoeshe mwendo kwanza ndipo ubonyeze. Aliisema kama mtu anayesema habari za ng'ombe wa maziwa.

Ngoie nilimjua mwaka uleule. Alikaa Kampemba kwa shangazi yake, akiuza vitambaa sokoni, na nilimdanganya. Nilimwambia mimi ni dereva wa mhandisi mkuu. Fundi ana mikono myeusi, dereva ana shati jeupe, na niliona vile shangazi anavyoangalia mikono yangu. Basi ikaja Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, tumeshafagia mitaro kama kawaida, mhandisi amesafiri kwa ndege kwenda Kinshasa na pikapu imelala garajini. Ningesema mama yangu alikuwa mgonjwa na nilitaka kumpeleka hospitali, ungenionea huruma. Hapana. Nilitaka kwenda Karavia, hoteli ya kando ya ziwa, na msichana aonekane amekaa mbele.

Nikaingia chini ya gari. Nilikata waya wa muhuri, nikaishika kamba, na hapo nikakuta kitu kisichokuwa kwenye magari mengine. Kwenye maungio ya kamba na boksi la gia palikuwa na kikopo kidogo cha chuma, na ndani ya kikopo zinatoka waya mbili nyembamba kwenda mbele. Kamba ilizungusha sindano na kikopo pamoja, na kikopo ndicho kilichoiambia regilateri gari linakwenda kasi gani. Leo najua. Siku ile nilikuwa nimevaa shati jeupe chini ya ovaroli na nilikuwa na haraka. Kikopo kilikataa kutoka. Ningeweza kupanda juu nikachomoa kwanza kichwa cha zile waya, kazi ya dakika mbili. Nilivuta. Nikavuta tena kwa nguvu, kikatoka. Mlinzi wa siku ile nilimjua, alichukua pesa ya bia akafungua lango bila kuandika.

Karavia tulikula kuku wa kuchoma karibu na maji. Ngoie alivaa kikwembe, yaani kitenge, cha kijani, akaweka kiwiko chake dirishani kama mke wa waziri. Sindano ililala kwenye sifuri njia nzima, na yeye hakuuliza. Ilikuwa siku nzuri. Nimejaribu mara nyingi kuichukia siku ile na sijaweza, na pengine hilo nalo ni kosa.

Nikarudisha kila kitu, nikafunga muhuri wangu mwenyewe. Jumatatu sindano ilipanda vizuri, mlinzi akasoma namba, hakuna aliyejua. Lakini Jumatano baba Mwepu alirudi kutoka Kolwezi uso umebadilika. Regilateri ilikuwa inaachia. Inashika dakika tano, inaachia. Anaizoesha tena, inashika, gari linapita kwenye shimo, inaachia. Karibu nusu ya njia alikanyaga pedali kwa mguu wake mwenyewe. Aliposhuka alishika ukingo wa mlango kama mtu anayeshuka kitandani baada ya ugonjwa. Wiki mbili ikawa hivyo. Mhandisi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alianza kulalamika gari linarukaruka, mara linakimbia mara linalala, akasema kuna siku karibu wagonge lori la madini kwa sababu mguu wa dereva ulichelewa.

Mkubwa wa garaji, Mutombo, akaniamuru nitafute. Nilitafuta mahali nilipojua. Nilipima zile waya mbili kwa taa ya betri. Nikiziacha zimelala, taa inawaka. Nikiukunja mmoja kidogo, karibu na kikopo, taa inazimika. Shaba ilikuwa imekatika ndani na ngozi ya nje ni nzima, huwezi kuona kwa macho. Pale pale nilipovuta. Ilikuwa kazi ya kufungua kikopo, kukata sentimita mbili, kuunga kwa risasi ya moto, kufunga. Dakika kumi na tano. Lakini muhuri ulikuwa juu yake, na muhuri hauvunjwi bila mkubwa wa garaji kuwepo na koleo lake la alama. Angeuangalia mkononi. Wa kwetu ulidanganya mlinzi wa lango, haungemdanganya Mutombo. Na mwezi uliopita tu walikuwa wamemfukuza fundi mmoja kwa jambo hilohilo, mchana, na masanduku yake barabarani.

Nilikuwa bado chini ya gari Mutombo aliposimama juu ya shimo. Baba Mwepu alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. Mutombo akauliza nimeona nini.

Nikasema, "Waya zote ni nzima, shefu. Hii mashine inaachia kama muntu anagusa freni. Pengine ni muguu yake. Iko inagusa freni, na yeye hajui."

Nilisema hivyo bila kutoka shimoni. Niliona viatu vyao tu. Cha kulia cha baba Mwepu kilisogea nyuma kidogo, kama kimeitwa jina.

Nilijiambia Jumapili nitaingia kimya, nitaunga, mzee ataamka Jumatatu regilateri imepona, na maneno yangu yatasahaulika. Nilijiambia hivyo kwa dhati kabisa. Jumapili ya kwanza kulikuwa na mlinzi nisiyemjua. Jumapili ya pili nilikuwa kwa shangazi wa Ngoie nimepeleka salamu za kwanza za uchumba. Kufikia wakati ule Mutombo alishaandika karatasi ya kumpeleka mzee kwa daktari.

Siku moja kati ya hizo nilikwenda kula kama kawaida. Kukataa kungekuwa kama kukiri. Nilikaa sebuleni nikisubiri, na wao walikuwa jikoni, ukuta mwembamba. Mama Kabange alimwambia mume wake akatae, aende kwa mhandisi aseme mguu haugusi kitu, yeye ndiye mwenye mguu. Halafu nikasikia sauti ya baba Mwepu, ya mtu anayefikiri huku anasema.

"Miye nilikuwa naona muguu haigusi. Lakini Kasongo alipima. Ule mutoto anajua kazi, hawezi kusema bongo juu yangu. Kama anasema inagusa, inagusa."

Bongo kwetu ni uongo. Kisha akatoka na bakuli, akakaa, akaniambia ninawe. Na mimi nikanawa, nikala. Sombe ilikuwa nzuri. Huwa najiuliza mtu mwingine angefanya nini pale mezani, na kila mara najibu kwamba wengi wangesema. Sauti ingetoka tu yenyewe. Yangu haikutoka. Niliomba chumvi.

Daktari wa kampuni alimgonga goti kwa nyundo ndogo, akamtembeza chumbani, akaandika hafai kuendesha. Walimpa mwezi mmoja atoe watu wake nyumbani. Na usukani wa pikapu, Mutombo aliutafutia mtu, akasema dereva gani ataielewa mashine ile kama si fundi aliyeitengeneza? Nilikuwa na leseni. Nikapewa. Kwa hiyo uongo niliomwambia Ngoie ukawa kweli, na shangazi yake akaacha kuangalia mikono yangu.

Safari yangu ya kwanza ya halali kwenye kiti kile ilikuwa kuwahamisha. Walikwenda Hewa Bora, kwenye kiwanja chenye chumba kimoja cha matofali mabichi. Mama Kabange na watoto walikaa nyuma juu ya magodoro, na yeye akakaa mbele, upande ambao hajawahi kukaa. Njiani alinielekeza. Alisema usikaze usukani, gari hili linajua njia. Alisema nikifika ule mlima baada ya Likasi niiache mashine ishike yenyewe, nisiogope. Tulipomaliza kushusha alizunguka gari lote, akapiga boneti kwa kiganja.

"Weye miguu yako iko mizima," akasema. "Haitakusumbua."

Jumapili iliyofuata niliingia garajini. Mlinzi alinisalimu, mimi sasa ni dereva. Nikakata muhuri, nikatoa kikopo, nikaunga waya, nikafunga muhuri mwingine. Sikutazama saa, lakini redio ya mlinzi ilikuwa inapiga wimbo nilipoingia chini na nilipotoka ilikuwa bado haijamaliza habari. Jumatatu nilikwenda Kolwezi. Nilibonyeza kitufe, nikaondoa mguu. Regilateri ilishika kutoka Likasi mpaka tulipoona moshi wa Kolwezi mbele yetu, haikuachia hata mara moja. Mhandisi akaniambia, unaona sasa, ilikuwa ni mguu wake kweli. Nikasema ndiyo, sitwayen.

Niliiendesha miaka minne. Baadaye kampuni yenyewe ilianguka, tukawa wote nje, nikawa na karakana yangu ndogo ya umeme, na hapo ningeweza kusema maana hakuna tena wa kunifukuza. Nilimwona baba Mwepu mara kwa mara, alikuwa anauza makala, yaani mkaa, mbele ya kiwanja chake. Alifurahi kila akiniona. Alikuja kwenye harusi yangu na kuku wawili. Mara mbili nilikwenda kwake nimeamua kabisa, na mara zote mbili aliniuliza habari za barabara ya Kolwezi, nikajibu habari za barabara, nikarudi. Watu husema woga unakwisha sababu ikiisha. Wangu ulibaki, ila ulibadilika. Kwanza niliogopa kufukuzwa. Baadaye niliogopa uso wake.

Kwenye kilio nilisimama kama nilivyoombwa. Nilisema alikuwa dereva mpole, alijua kila tuta. Watu walitikisa vichwa. Ngoie alikuwa kwenye mkeka wa wanawake, analia. Sikusema zaidi, palikuwa na watu wengi, au ndivyo nilivyojiambia. Lakini siku iliyofuata mazishi nilirudi asubuhi peke yangu, nikamkuta Mbuyu anaosha masufuria ya kukodi, mwanamke mkubwa sasa, mwenye mvi. Nikaomba tukae. Nikamwambia yote, kikopo, waya, muhuri, maneno yangu shimoni. Nilizungumza nikiangalia masufuria.

Nilipomaliza alikausha mikono yake taratibu, kila kidole. Akaniambia kuna Mgiriki mwenye duka aliyemfuata baba mwaka uleule walipohama. Alitaka dereva wa gari dogo la mkate, hapahapa mjini, safari fupi. Baba alikataa. Mama alimbembeleza wiki nzima. Akamjibu kwamba hawezi kuendesha katikati ya watoto wa watu kwa mguu unaofanya mambo yake bila kumwambia. Tangu siku ile hakushika usukani tena. Hata akitembea, Mbuyu alisema, alikuwa anauangalia mguu ule, anausimamia, kama mtu anayetembea na mwizi.

Nikasema nisamehe, mama. Nilimwita mama, mtoto niliyemjua wa kuniletea maji.

Hakukasirika, ningependa angekasirika.

"Baba Kasongo," akasema, "hii habari ilikuwa yake. Miye sasa niipeleke kwa nani?"

Akainama akachukua sufuria iliyofuata.